Fulana nyeusi, kitabu kizito, muziki usio na maneno: watu wa kompyuta wana ladha au wana sare?

#1 ShinaLaKodi
Wakuu salaam. Mtu wa kompyuta huna haja ya kumuuliza kazi yake. Mtazame alivyovaa, pitisha jicho kwenye rafu yake ya vitabu, kisha mvue hedifoni usikilize. Fulana nyeusi yenye maandishi meupe kifuani. Kitabu kizito kama tofali. Muziki wa dakika arobaini usio na neno hata moja. Wenyewe wanasema ni ladha. Mimi nasema ni sare, ila hakuna aliyetoa waraka. Mwenye kubisha aje na sababu. "Napenda tu" haihesabiki. Tuanze na fulana: kwa nini nyeusi?

#2 FremuMoja
Jibu liko kwa mchapaji, mvaaji hana usemi. Fulana nyingi za watu hawa hazikununuliwa, ziligawiwa kwenye mikutano na miradi ya programu huria. Anayelipa anahesabu fremu, yaani viunzi vya wavu vya kupitishia wino, kila rangi na chake. Maandishi meupe juu ya nyeusi ni fremu moja na wino mmoja. Ukitaka nembo ya rangi nne juu ya kitambaa cheusi, lazima utangulize tabaka la wino mweupe, ulipashe joto likauke juu juu, ndipo rangi zifuate moja moja. Ukiruka tabaka hilo, njano inageuka tope. Sasa kwa nini wasichapie kwenye nyeupe? Kwa sababu fulana nyeupe nyepesi inaonyesha mwili, na ikipata doa la chai ndio imekwisha.

#3 Bwana_Mkato
Mnazunguka mbuyu. Ni Steve Jobs wa Apple. Alivaa fulana nyeusi, wote wakaiga.

#4 nyuzi180
@Bwana_Mkato hiyo haikuwa fulana. Ilikuwa sweta nyepesi ya shingo ndefu, alitengenezewa na Issey Miyake, mbunifu wa mavazi wa Japani. Wa fulana ni Mark Zuckerberg wa Facebook, na yake ilikuwa ya kijivu. Kama ni kuiga, tungeona shingo ndefu kila mahali.

#5 Bwana_Mkato
Sawa, shingo ndefu. Lakini hoja iko palepale: kuvaa kitu kimoja kila siku kunapunguza maamuzi ya asubuhi.

#6 Kioo_Kisafi
Maamuzi ya asubuhi yanaeleza kwa nini nguo *moja*, hayaelezi kwa nini *nyeusi*. Mtu anaweza kuwa na fulana kumi za kijani na asiamue chochote.

Sababu ya nyeusi ni mwanga. Skrini yenye uso unaong'aa ni kioo, hata ikiwa imezimwa. Chochote kilichoangaziwa mbele yake kinarudi machoni, na kitu kikubwa kuliko vyote mbele ya skrini ni kifua chako. Jaribu hivi: zima skrini, kaa unavyokaa siku zote, taa ikiwa nyuma au juu yako. Ukivaa nyeupe utajiona kama mzimu katikati ya skrini, ukivaa nyeusi huonekani. Mtu anayefanya kazi kwenye mandhari ya giza (herufi nyeupe, nyuma peusi) ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu taswira hiyo inakaa juu ya sehemu nyeusi. Wanaosahihisha rangi za filamu walilijua zamani: ukuta wa nyuma ya skrini yao ni wa kijivu kisicho na rangi, na taa yake ni ya kelvini 6500, yaani nyeupe kama mwanga wa mchana.

#7 FremuMoja
Kwa hiyo Zuckerberg alikuwa anasahihisha rangi?

#8 Kioo_Kisafi
😂 Sikusema hivyo.

#9 DobiMkuu
Sare au ladha mtajua wenyewe, ila nyeusi zenu zimepauka na mnazivaa hivyohivyo. Naweka utaratibu, mwenye masikio asikie.

Kununua: tafuta uzito wa gramu 180 hadi 200 kwa mita ya mraba. Chini ya 150 kitambaa kinajikunja pembeni na mshono wa ubavu unahamia tumboni baada ya kufua mara chache. Juu ya 220 ni joto. Pamba iwe imechanwa, maana yake nyuzi fupi zimeondolewa kabla ya kusokotwa. Nyuzi fupi ndizo zinazotoka nje na kuota vinundu. Geuza fulana ndani nje uangalie mabega: pawe na utepe umeshonwa kutoka bega hadi bega kupitia nyuma ya shingo. Bila utepe huo, bega linavutika na shingo inakuwa mdomo wa gunia.

Kufua: geuza ndani nje. Maji ya nyuzi 30, yasizidi. Funga zipu za suruali zilizomo au zitoe kabisa. Usijaze mashine mpaka nguo zisugane. Klorini marufuku. Anika kivulini, bado ikiwa imegeuzwa.

Kinachowapotosha wengi ni hiki: kupauka si lazima iwe rangi imetoka. Mara nyingi rangi bado ipo, ila msuguano umeinua vinyuzi vidogo juu ya kitambaa na vinatawanya mwanga, ndipo nyeusi inaonekana kijivu. Pitisha fulana mbele ya dirisha, itazame kwa pembeni, utaona vumbi la manyoya juu ya mabega na pale mkanda wa begi unapopita. Hapo dawa ni sabuni yenye kimeng'enya cha selulasi, ambacho kinakula vile vinyuzi vilivyosimama. Angalia orodha ya viambato kwenye pakiti. Usiizoee kila wiki lakini, kwa sababu selulosi ni pamba yenyewe: kinachokula manyoya kinakula na fulana pole pole.

#10 Msomi_wa_Jioni
Shukrani DobiMkuu. Naongezea: fulana mpya iloweke kwenye maji ya chumvi na siki usiku mmoja, rangi inashika moja kwa moja.

#11 nyuzi180
Hapana dada, hiyo imepitwa na kemia. Pamba nyeusi ya siku hizi kwa kawaida hutiwa rangi tendaji, ambayo inafungamana na selulosi ndani ya maji yenye alkali. Chumvi ina kazi, ila ni ndani ya pipa la kutilia rangi: inasukuma rangi iende kwenye uzi. Baada ya hapo haina la kufanya. Siki ni asidi, inafaa kwa rangi za sufu na nailoni. Kinachochuja kwenye fulana mpya ni rangi iliyobaki bila kufungamana, ambayo kiwanda hakikuisuuza vya kutosha. Hiyo hupaswi kuishikilia, unatakiwa kuitoa: fua peke yake mara mbili tatu mpaka maji yawe safi.

#12 Msomi_wa_Jioni
Kumbe. Siki inarudi kwenye kachumbari.

#13 FremuMoja
Na maandishi yakipasuka msimlaumu dobi. Wino wa plastisoli, ule wa plastiki unaotumika kwenye fulana, haukauki kwa hewa, unaiva kwa joto la takriban nyuzi 160, na joto hilo lazima lifike chini kabisa ya tabaka, lisiishie juu. Ukipokea fulana, vuta maandishi kwa vidole viwili kwa upole. Yakinyumbuka na kurudi, yameiva. Yakichanika kama udongo mkavu, mchapaji aliharakisha mkanda wa oveni. Inatibika: weka karatasi ya kuokea juu yake, bana tena kwa mashine ya joto kwenye nyuzi zilezile. Pasi ya nyumbani usiiweke juu ya maandishi kamwe. Plastisoli inayeyuka na kung'ang'ania. Piga pasi upande wa ndani.

#14 WayaMwekundu
Mmesahau anayefungua kompyuta. Huyo asichague nguo kwa rangi, achague kwa umeme tuli. Sweta ya sufu juu ya fulana ya poliesta, hewa kavu, kiti cha plastiki: hicho ni kiwanda cha chaji. Binadamu anaanza kuhisi mshtuko kwenye volti 3000 hivi, wakati vipo vipande vya elektroniki vinavyoharibika chini ya volti 100. Maana yake unaweza kuua RAM (kumbukumbu ya kompyuta) bila kuhisi hata mchomo. Pamba ni salama kuliko poliesta, lakini pamba peke yake haitoshi. Vaa mkanda wa mkononi ulioungwa na ardhi, na uwe na kizuizi cha megaomu 1 ndani yake. Kizuizi hicho kinakulinda wewe: ukigusa waya wenye moto, mkondo unaopita mwilini unabaki mdogo. Mkanda usio na kizuizi ni waya wa kujiua.

#15 ShinaLaKodi
Wakuu, nimeuliza ladha, sasa tuko kwenye sabuni na megaomu. Vitabu je? Kwa nini vizito?

#16 KurasaMiaTatu
Dai lako lenyewe lina tundu. Kitabu cha lugha ya C cha Kernighan na Ritchie, cha mwaka 1978, hakifiki kurasa 300, na ndicho kinachoheshimiwa kuliko matofali yote. Matofali mengi ni mabaki ya enzi za kabla ya intaneti: nusu ya kitabu ilikuwa orodha ya amri na vigezo ambavyo leo unavipata kwa kuandika neno moja kwenye kitafutio. Kitabu cha namna hiyo kinachacha toleo jipya la programu likitoka. Vinavyodumu ni vya algoriti, mifumo ya uendeshaji, hisabati. Ukitaka kujua mwenye rafu anasoma au anapamba, angalia miaka: vikiwa vyote ni vya matoleo yaliyokufa, hiyo ni mapambo.

#17 Msomi_wa_Jioni
Na Donald Knuth je, wa The Art of Computer Programming? Juzuu ya kwanza ilitoka 1968, watu bado wanaiweka rafuni.

#18 KurasaMiaTatu
Wanaiweka, ndiyo. Kuisoma ni habari nyingine. Yule mzee anatoa zawadi ya dola 2.56 kwa kila kosa unalomwonyesha, yaani senti 256, ambayo ni 100 kwa hesabu ya kumi na sita. Na alipoona mpangilio wa herufi wa toleo jipya la juzuu ya pili umekuwa mbaya, aliacha kuandika akatengeneza TeX, programu ya kupanga herufi za vitabu. Ndiyo maana nasema watu hawa ladha wanayo. Ni ladha ya kukereka.

#19 Gundi_na_Sindano
Unene una tatizo lake la kifundi ambalo halijaguswa: mgongo. Kitabu cha kurasa 900 kilichounganishwa kwa gundi ya moto ya kawaida kinapasuka katikati, kwa sababu gundi hiyo inakuwa ngumu ikizeeka, na kitabu cha kufanyia kazi kinalazwa wazi mezani kutwa nzima. Tazama juu ya mgongo kabla ya kununua. Ukiona vijitabu vidogo vidogo vimekunjwa na kupangwa, na uzi unaonekana katikati ya kila kimoja, kimeshonwa. Ukiona karatasi zimekatwa tambarare zimezama kwenye gundi, hakijashonwa.

Kama ni cha gundi, kifungue kwa adabu mara ya kwanza. Simamisha mgongo mezani. Laza jalada la mbele, kisha la nyuma. Chukua kurasa kama ishirini za mbele, zilaze na upitishe kidole karibu na mgongo. Kisha ishirini za nyuma. Endelea hivyo kwa zamu mpaka ukutane katikati. Anayeanza kwa kukivunja katikati amekiua siku ya kwanza.

#20 Bwana_Mkato
Karne hii mnalainisha mgongo wa karatasi? Kifaa cha wino wa elektroniki, gramu 200, vitabu elfu ndani. Mjadala umefungwa.

#21 KurasaMiaTatu
Riwaya sawa. Kitabu chenye kodi za programu kwenye skrini ya inchi 6 ni adhabu. Mstari wa herufi 80 hautoshi, unakatika, na kwenye lugha ya Python mstari ukikatika vibaya hujui tena nafasi za mwanzo ni za nani. PDF ni mbaya zaidi, kwa sababu ukurasa wake umegandishwa: unakuza, unasogeza kushoto, unasogeza kulia, umesahau ulichokuwa unasoma. Mwenye kulazimika ageuze kifaa kikae kimlalo, au apitishe PDF kwenye programu ya k2pdfopt inayokata safu na kuzipanga upya kwa upana wa skrini. Kuigeuza PDF kuwa EPUB (kitabu ambacho maandishi yake yanajipanga kwa upana wa skrini) kwa programu ya Calibre kunawezekana, ila tegemea namba za kurasa katikati ya sentensi na maneno yaliyobaki na kistari.

#22 zipu_na_mpini
EPUB nzuri ukitaka kurekebisha mwenyewe: ni faili la ZIP lenye kurasa za XHTML. Lifungue, sahihisha, lifunge. Kosa la kila mtu ni kulifunga kwa kubofya tu. Faili linaloitwa mimetype lazima liwe la kwanza na lisibanwe, la sivyo visomaji vingine vinalikataa. Amri mbili, kwa mpangilio huu:

`zip -X0 kitabu.epub mimetype`
`zip -rX9 kitabu.epub META-INF OEBPS`

Jina OEBPS linaweza kuwa tofauti kwenye chako, angalia folda iliyomo.

#23 Gundi_na_Sindano
@Bwana_Mkato na hivyo vitabu elfu ni vyako? Mwaka 2009 Amazon ilifuta vitabu vya George Orwell ndani ya Kindle (visomaji vyake vya vitabu) za watu waliokwisha kununua, kwa sababu muuzaji hakuwa na haki navyo. Pesa zilirudishwa, lakini vitabu vilitoweka. Februari 2025 wakaondoa na ile njia ya kupakua nakala kwenye kompyuta na kuhamisha kwa waya. Kilichoshonwa hakuna anayekuja kukichukua usiku.

#24 Bwana_Mkato
Mchwa je?

#25 SikioLaTatu
Habari za vitabu zimenoga, nahamia masikioni. Muziki usio na maneno una sababu inayojulikana kwenye saikolojia: unaposoma au kuandika, akili inashikilia maneno kwa muda kama sauti ya ndani. Maneno ya mtu mwingine, hata usiyoyafuatilia, yanaingia kwenye njia hiyohiyo. Ndiyo maana mtu anaweza kupanga waya huku anaimba, lakini hawezi kubuni jina la kigezo cha programu. Lugha usiyoijua inasumbua pia, kwa sababu sikio linatambua kwamba ni usemi.

#26 Kioo_Kisafi
Napinga nusu. Wengi hawasikilizi muziki, wanajenga ukuta dhidi ya gumzo la ofisi. Kama ni ukuta, kelele tupu inatosha. Kelele ya kahawia inashuka desibeli 6 kwa kila oktava (kila masafa yakiongezeka maradufu), ya waridi inashuka 3, na nyeupe haishuki, ndiyo maana nyeupe inakwaruza. Mwenye sox, programu ya sauti ya kuandikia amri, hahitaji hata kupakua kitu: `play -n synth brownnoise`. Punguza sauti kabla ya kubonyeza.

#27 WayaMwekundu
Kuna na ya tatu: muziki wa gemu. Ulitungwa ukae nyuma ya mtu mwenye kazi, ujirudie bila mshono unaosikika. Watu hawa walikua nao. Hiyo ni ladha kamili, si ukuta wala saikolojia.

#28 Bwana_Mkato
Chochote mnachosikiliza kiwe FLAC, faili la sauti lisilopoteza kitu. MP3 ni ya viziwi.

#29 SikioLaTatu
Nilikuwa nakusubiri. CD ni sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, njia mbili (stereo): kilobiti 1411 kwa sekunde, sawa na MB 635 kwa saa. FLAC inashusha hadi takriban nusu au theluthi mbili bila kupoteza kitu. MP3 ya kilobiti 320 ni MB 144 kwa saa. Kama unadai unasikia tofauti, fanya jaribio la ABX kwenye programu ya foobar2000: unasikiliza bila kuambiwa faili lipi ni lipi, kisha unataja. Geuza FLAC yenyewe iwe MP3, usichukue faili la mahali pengine, kwa sababu huenda ni toleo lililosawazishwa upya. Linganisha sauti ya mafaili mawili yasipishane zaidi ya desibeli 0.1, chenye sauti kubwa kidogo kila mara kinasikika "bora". Piga raundi 16. Ukipatia 12 au zaidi, uwezekano wa kufika hapo kwa kubahatisha tu ni chini ya asilimia 4. Ukipatia 9, endelea na MP3 na uombe radhi viziwi.

Faida halisi ya FLAC ni hifadhi: unaweza kuigeuza kesho kuwa muundo wowote bila kubana kilichokwisha kubanwa, na `flac -t` inakuambia kama faili limeoza.

#30 zipu_na_mpini
Ila FLAC feki zimejaa: mtu anachukua MP3 ya 128 anaibadilisha jina na ngozi. Ifungue kwenye Spek, programu inayochora masafa ya sauti kwa rangi. Ukiona rangi zimekatwa kama kwa kisu karibu na kHz 16, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

#31 SikioLaTatu
Taratibu. Rekodi za zamani zinaweza kuishia hapo kihalali. Kinachotia shaka ni *ukingo mkali* kwenye rekodi mpya. Rekodi ya zamani inafifia pole pole.

#32 Msomi_wa_Jioni
Naomba msaada kabla hamjachinjana. Hedifoni za Bluetooth zinapiga vizuri, nikiingia mkutano wa video muziki unakuwa kama redio ndani ya debe. Ni kodeki, yaani njia ya kubana sauti?

#33 WayaMwekundu
Si kodeki ya muziki, ni maikrofoni. Njia ya muziki, A2DP, inakwenda upande mmoja tu. Mkutano ukidai maikrofoni ya hedifoni, kompyuta inahamia njia ya simu, HFP: sauti ya njia moja (mono), kwa kawaida sampuli 8,000 au 16,000 kwa sekunde, na muziki wako unapitia bomba hilohilo. Tiba: kwenye mipangilio ya mkutano chagua maikrofoni ya laptop au ya USB, hedifoni zibaki kwa kusikiliza tu. Kwenye Linux fungua pavucontrol (programu ya kupanga sauti), kichupo cha mwisho, urudishe A2DP kwa mkono. LE Audio, mfumo mpya wa sauti wa Bluetooth, inaondoa tatizo hili, mradi pande zote mbili ziwe nayo.

#34 Msomi_wa_Jioni
Imekubali. Ubarikiwe.

#35 Kioo_Kisafi
Kwa hiyo Bwana_Mkato anasikiliza FLAC kupitia SBC, kodeki ya kawaida ya Bluetooth, ya kilobiti 328?

#36 Bwana_Mkato
Niacheni na Bluetooth yangu.

#37 Gundi_na_Sindano
Uzi huu nao ni wa gundi, haukushonwa. Umeshapasuka vipande vitatu.

#38 ShinaLaKodi
Na bado swali la kwanza halijajibiwa. Fremu moja, Jobs, kioo, madoa ya chai. Ipi?

#39 Kioo_Kisafi
Zima skrini, jitazame kifuani.

#40 ShinaLaKodi
Nimezima. Skrini yangu haing'ai, sioni kitu. Na nimevaa nyeusi.